Kuirudia kaya ileile: jinsi ya kuendesha utafiti wa kufuatilia kaya kandokando ya Ziwa Victoria

Ukihoji kaya 600 za Mwanza mwaka huu na kaya nyingine 600 baada ya miaka miwili, utajua kama umaskini umepungua. Hutajua nani ametoka kwenye umaskini, nani ametumbukia, wala kilichomtoa au kilichomtumbukiza. Kwa swali hilo lazima uwarudie watu walewale. Ugumu wa kazi hii hauko kwenye dodoso kama wengi wanavyodhani. Uko kwenye kumpata mtu yuleyule miaka mingi baadaye, na kumuuliza jambo lilelile kwa kipimo kilekile.

Mfano unaofaa kusomwa kwanza uko ng'ambo ya ziwa, Kagera. Kati ya 1991 na 1994 kaya 915 kutoka jamii 51 zilihojiwa hadi mara nne, lengo likiwa kupima vifo vya watu wazima kwa UKIMWI vinaiachaje kaya. Watafiti walirudi 2004, kisha 2010. Ukiacha kaya ambazo watu wake wote walikuwa wamefariki, mwaka 2004 walimpata angalau mtu mmoja kutoka asilimia 93 ya kaya za mwanzo, na 2010 asilimia 92. Kufikia hapo zile 915 zilikuwa zimegawanyika kuwa kaya zaidi ya 3,300, nyingine zikiishi Mwanza, Dar es Salaam na Uganda. Walipolinganisha ndugu waliotoka kaya moja, kati ya 1991 na 2004 matumizi ya waliohama yalikua kwa pointi 36 za asilimia zaidi ya yale ya waliobaki kijijini. Utafiti ambao ungewahoji waliobaki peke yao ungekuwa umeyakosa maendeleo yenyewe yaliyokuwa yakitafutwa.

Kwenye mialo ya Mwanza, yaani vituo vya ufukweni wanakotua wavuvi, tatizo hili ni kubwa zaidi. Mvuvi anahama na samaki, kijana anakwenda kwenye mashimo ya dhahabu Geita, binti anachukuliwa kufanya kazi za ndani mjini. Panga utafiti wako ukijua kwamba watafanya hivyo.

Sampuli

Majirani hufanana. Wanalima zao moja, wanauza kwa mnunuzi mmoja, na ukame ukipiga unawapiga wote. Kwa hiyo kuhoji kaya nyingi ndani ya kitongoji kimoja ni kujirudia. Hesabu yake ni nyepesi: kama kiwango cha kufanana kwa majirani (0 ni kutofanana kabisa, 1 ni kuwa sawa kabisa) ni 0.1 na unachukua kaya 12 kila kitongoji, basi 1 + (12 − 1) × 0.1 = 2.1. Gawa 600 kwa 2.1: kaya zako 600 zina nguvu ya kaya 286 zilizochaguliwa mojamoja mkoa mzima. Ukichukua kaya 8 kwa kila kitongoji unapata 1.7, yaani nguvu ya kaya 353, lakini utalipa mafuta ya vitongoji 75 badala ya 50. Ofisi ya Taifa ya Takwimu ilipoanza utafiti wake wa kitaifa wa kufuatilia kaya mwaka 2008/09, ikiwa na kaya 3,265, ilichukua kaya 8 kwa kila eneo. Kwa bajeti ya chuo au shirika dogo, 12 ni mapatano yanayobebeka.

Kisha hesabu watakaopotea. Ukipoteza asilimia 5 kila unaporudi, baada ya kurudi mara 5 utakuwa na kaya 464. Ukipoteza asilimia 10, utakuwa na 354. Mbaya zaidi, wanaopotea si wa kubahatisha: ni vijana, wapangaji, wavuvi na wajane waliorudi kwao. Kuongeza kaya mwanzoni hakuponyi upotevu wa namna hiyo. Fedha hiyo iweke kwenye kuwatafuta.

Orodha ya kaya usiipokee kutoka kwa mwenyekiti wa kitongoji, hata kama daftari lake ni safi. Wapangaji, wageni wa kambi na familia alizokosana nazo mara nyingi hawamo. Tumia mipaka ya maeneo ya kuhesabia watu ya Sensa ya 2022, tembea nyumba kwa nyumba, andika upya. Tuseme umepata kaya 138 na unataka 12: 138 ÷ 12 = 11.5. Chora namba ya kuanzia kwa bahati kati ya 0 na 11.5, mathalani 4.3, kisha ongeza 11.5 kila mara na upandishe hadi namba kamili: kaya ya 5, ya 16, ya 28, ya 39, hadi ya 131. Mdadisi asipewe ruhusa ya kuibadilisha kaya ya 28 na ya 29 kwa kuwa "hawapo". Mbadala hutolewa na msimamizi, baada ya kurudi mara tatu kwa saa tofauti.

Kaya ni nani

"Wanaokula chungu kimoja" ni mwanzo mzuri lakini hautoshi. Usukumani mume mwenye wake wawili anaweza kuwa na nyumba mbili, maghala mawili na ng'ombe walio zizi moja. Kambini wavuvi sita wanakula sufuria moja na kila mmoja ana mke na watoto Misungwi au Magu. Andika kanuni kabla ya mafunzo na usiibadilishe tena. Kanuni inayofanya kazi: mwanakaya ni aliyelala na kula hapo angalau miezi 3 kati ya 12 iliyopita, mkuu wa kaya, mtoto mchanga na bibi harusi mpya huingia hata kama hawajafikisha, kila mke mwenye jiko lake na ghala lake ni kaya yake, na mume huandikwa kwa mke mmoja tu, huku namba yake ikirejewa kwenye kaya ya mke wa pili. Bila rejeo hilo utamhesabu mara mbili, au ng'ombe wake watatoweka.

Namba ni za watu, wala hazirithiwi. Aliyepewa namba 3 kwenye kaya 0412 mwaka wa kwanza ni 0412-3 hadi mwisho wa utafiti, awe ameolewa Sengerema au amefariki. Mtoto anayezaliwa baadaye hapewi namba ya marehemu. Kosa hili dogo la kujaza nafasi iliyoachwa wazi limeharibu takwimu za miaka mingi kuliko mvua na betri: ghafla mzee wa miaka 61 anakuwa na miaka 2, na programu haioni tatizo.

Amueni pia nani atafuatwa akihama. Kumfuata kila mtu, hata mtoto, ndiko bora na ndiko ghali. Utafiti wa kitaifa huwafuata wenye miaka 15 na zaidi, nayo ni kanuni ya busara. Kila anayefuatwa huleta kaya mpya nzima, kwa hiyo dodoso la awamu ya tatu litagusa watu wengi kuliko la kwanza. Bajeti ionyeshe hivyo tangu mwanzo.

Karatasi ya ufuatiliaji

Hii ndiyo sehemu ambayo haraka ya awamu ya kwanza huiua. Mahojiano yameshafika saa mbili, mhojiwa amechoka, mdadisi anaandika namba moja ya simu na kuondoka. Miaka miwili baadaye laini hiyo iko kwa mtu wa Tabora.

Jaza karatasi hii mwanzoni, baada tu ya kuorodhesha wanakaya. Kwa kila anayefuatwa andika majina matatu, jina la utani, jina la ukoo, na jina analoitwa mtaani: Mama nani, Baba nani. Ukifika kijiji cha Magu ukamuulizia Kulwa au Doto, utaletewa watu wengi, kwa kuwa kila nyumba yenye mapacha inao. Andika kijiji alichozaliwa na majina ya wazazi. Andika namba zote za simu pamoja na majina ya wenye laini, kwa sababu mara nyingi simu "yake" ni ya shemeji. Kisha ndugu au marafiki watatu wanaoishi kaya nyingine, mmoja wao akiwa nje ya kijiji. Aliye kijiji hichohicho atahama kwa sababu zilezile.

Kwa mvuvi ongeza mwalo anakovua sasa, mialo miwili aliyovua kabla, na jina la tajiri, yaani mwenye chombo. Kijana wa kazi hana anwani, ila tajiri wake anafahamika ziwa zima, na kamati ya usimamizi wa mwalo humjua nani kahamishia mitumbwi yake Ukara, Kome au Maisome. Kwa anayekwenda machimboni, uliza jina la mwenye shimo. Kwa mwanamke kijana ambaye hajaolewa, uliza kwa wazazi baada ya kila miezi sita. Akishaolewa jina lake litabadilika mara mbili, siku ya ndoa na siku ya mtoto wa kwanza.

Chukua alama za ramani mlangoni, si barabarani. Piga picha ya nyumba kwa ruhusa, na msikariri rangi ya bati kama alama. Piga pia picha ya familia na uwapelekee nakala iliyosafishwa. Inatunzwa sebuleni, na awamu ijayo inawakumbusha ninyi ni nani kuliko barua yoyote yenye mhuri.

Kati ya awamu, piga simu kila baada ya miezi minne. Dakika tatu zinatosha: mpo hapo, nani ametoka, kaenda wapi, namba imebadilika? Vocha ndogo baada ya simu ni gharama ya kawaida. Kazi hii apewe mtu mmoja mwenye daftari lake. Ikigawanywa kwa wote haifanyiki.

Kalenda na mwezi wa angani

Kaya iliyohojiwa Juni, mpunga ukiwa ndani, irudiwe Juni. Ukiirudia Januari utapima njaa ya kabla ya mavuno na kuiita kuporomoka kwa uchumi. Pamba nayo ina mwezi wake wa fedha; kabla na baada ya mauzo, kaya moja inaonekana kama mbili. Kwa hiyo kila kitongoji kipewe mwezi wake, na ratiba hiyo ifungwe kwa awamu zote. Kuteleza wiki mbili kunavumilika. Miezi miwili hapana.

Mwaloni kuna kalenda nyingine. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikikaribia kujaa taa haivuti, na vyombo hupumzika. Wakati huo ndipo wavuvi hurudi nyumbani, na ndipo utawapata. Panga safari za visiwani kwa mwezi, si kwa tarehe ya ofisi. Tena usiulize "mwezi uliopita ulipata kiasi gani?" Uliza giza lililopita: ulitoka usiku mara ngapi, mgao ulikuwa vipi baada ya kutoa mafuta na sehemu ya tajiri, ulichukua fedha au dagaa, na ulikuwa unadaiwa nini. Deni kwa tajiri hukatwa kabla ya mgao. Mvuvi anataja kilichobaki mkononi, na usipouliza hivyo kipato chake kitaonekana nusu.

Saa pia zina kanuni. Asubuhi wanawake wa mwaloni wanaanika na kugeuza dagaa. Nenda saa 9 alasiri. Vijiji vya kilimo kuanzia Novemba hadi Februari, asubuhi watu wako shamba. Siku ya mnada usihoji kabisa. Upepo wa ziwa huchafuka bila taarifa, kwa hiyo ratiba ya visiwani iwe na siku ya akiba kwa kila nne, na kila mdadisi avae jaketi okozi hata kwa safari fupi.

Sado, debe na fungu

Watu hawapimi kwa kilo, na kuwalazimisha kunazalisha namba za kubuni. Pokea jibu kwa kipimo chao: sado, debe, ndoo, gunia, fungu, kopo. Halafu wewe ndiwe upime. Katika soko la kila eneo nunua au omba kupima kila kipimo kwa wauzaji watatu kwa mizani ya kuning'iniza, andika uzito na bei, rudia kila awamu. Debe ni lita 20 kwenye karatasi, lakini lililofurika na lililosawazishwa kwa ubao ni vitu viwili. Gunia la lumbesa, lililojazwa kupita mdomo wake, halifanani na gunia lililoshonwa. Dagaa wakavu na wabichi kwenye ndoo moja hawakaribiani uzito.

Fungu ndilo hatari zaidi. Muuzaji huwa hapandishi bei ya fungu, hupunguza samaki. Miaka miwili fungu la sh. 1,000 linabaki sh. 1,000 na takwimu zako zinasema bei haijapanda.

Ekari nazo hukadiriwa kwa jicho. Inajulikana kutoka nchi nyingi kwamba wenye vishamba vidogo huvikuza na wenye mashamba makubwa huyapunguza, kwa hiyo mavuno kwa ekari hupotoka pande zote mbili. Tembea mpaka wa shamba na kifaa cha ramani angalau kwa mashamba yaliyo ndani ya nusu saa kwa miguu, na uhifadhi makadirio ya mkulima pia. Yakikosekana awamu moja, hutaweza kuyasahihisha ya nyuma.

Kwa chakula, uliza siku 7 zilizopita kwa orodha ndefu, kitu kimojakimoja, ukitenganisha kilichonunuliwa, kilichozalishwa na kilichopewa. Jaribio lililofanywa Tanzania kwa kaya 4,000, likilinganisha namna nane za kuuliza, lilionyesha kwamba orodha iliyofupishwa hutoa matumizi madogo kuliko hali halisi. Kubwa kuliko yote: ukianza na siku 7, baki na siku 7. Awamu ikibadilisha kipindi, huwezi tena kujua kilichobadilika ni maisha au swali.

Maswali yanayosikika vingine

"Una kazi?" Mwanamke aliyeanika dagaa siku tano atajibu hana. Kazi masikioni mwa wengi ni ajira ya mshahara. Taja shughuli mojamoja. "Kipato" husikika kama fedha taslimu, na mihogo inayoliwa nyumbani haimo. Ng'ombe hawahesabiwi hadharani, tena wengine ni wa kutunziwa. Uliza wangapi wako zizini, wangapi kati yao ni wako, na wako wangapi wako kwa watu.

Tafsiri za Kisukuma, Kikerewe na Kijita ziandikwe na kujaribiwa, zisiachwe kwenye kichwa cha mdadisi. Wadadisi wanne wakitafsiri swali la mkopo kila mtu kivyake, umepata maswali manne.

Watu pia hudhani umekuja kuandikisha walengwa wa TASAF, mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini, au kodi. Wa kwanza huficha redio, wa pili huficha mtumbwi. Sema wazi, mbele ya mwenyekiti, kwamba hakuna anayeingia wala kutoka kwenye orodha yoyote. Zawadi iwe ileile kwa wote, mche wa sabuni au kilo ya sukari, itolewe mwishoni.

Uwandani

Vibali vianze miezi mingi kabla: COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia), kamati ya maadili ya NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu) kama unagusa afya, mkoa, wilaya, halmashauri, kata, kijiji. Usiruke ngazi. Mtendaji wa kata aliyepitwa anaweza kuisimamisha gari siku nzima, na kwa haki.

Timu moja ni wadadisi wanne, msimamizi na dereva. Dodoso la saa mbili humaanisha mahojiano mawili kwa mdadisi kwa siku, si manne. Kitongoji cha kaya 12 huchukua siku tatu pamoja na kurudia waliokosekana. Vitongoji 50 kwa timu mbili ni siku 75 za kazi. Weka miezi minne. Vishikwambi viwe na programu ya bure kama Survey Solutions au KoboToolbox, na kila timu iwe na kimoja cha ziada na betri za akiba.

Kila jioni, kabla timu haijaondoka kitongojini, angalia mambo manne kwa kila mdadisi: muda wa mahojiano, wastani wa wanakaya, idadi ya mashamba, na idadi ya "hapana" kwenye maswali yanayofungua sehemu nyingine. Mdadisi mwerevu hugundua wiki ya pili kwamba kila mwanakaya ni maswali 40 zaidi, na kaya zake zinaanza kupungua watu. Namba zikishuka, rudi mlangoni na uhesabu. Kaya moja katika kila kumi irudiwe na msimamizi kwa maswali kumi yasiyobadilika: umri, idadi ya vyumba, nani alilala hapa.

Kurudi

Kishikwambi cha awamu ya pili kije na majina, jinsia, umri na orodha ya mashamba. Kisije na kiasi cha mavuno wala thamani ya mali. Mdadisi akiziona atazinakili. Umri ukitofautiana zaidi ya miaka mitatu na matarajio, simama: inawezekana umempata Doto badala ya Kulwa.

Kabla ya kuingia nyumbani, msimamizi ampigie mwenyekiti aulize nani amefariki tangu mwisho. Mdadisi akisimama mlangoni na kumuita marehemu kwa jina kutoka kwenye orodha, hata mara moja tu, kitongoji kizima kitafungwa.

Wafuate kwa vipindi vitatu. Kwanza kitongojini. Pili, waliohamia ndani ya mkoa, baada ya kukusanya anwani zao zote na kuzipanga kwa njia moja. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, Sengerema haisubiri tena kivuko, ila Ukara na Maisome bado ni maji. Tatu, walio mbali: Geita, Kahama, Dar es Salaam, Uganda. Kipindi cha tatu kina gharama kubwa kwa kila kaya kuliko vyote, na ndicho wafadhili hukikata kwanza. Kama fedha ni chache, chagua kwa bahati nusu ya walio mbali, watafute hadi uwapate, kisha wape uzito mara mbili kwenye hesabu. Hiyo ni bora kuliko kuwahoji walio karibu na kituo cha basi.

Majina na simu zikae faili moja, majibu faili jingine, yakiunganishwa na namba tu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inakuhusu. Faili la majina lishikwe na watu wawili wasiozidi, nakala moja ikiwa imefungwa kwa nywila nje ya jengo. Chapisha pia karatasi za ufuatiliaji, zifungwe kwenye sanduku la bati, ufunguo ukabidhiwe kwa maandishi kila anayeshika kazi akiondoka. Vishikwambi vya awamu ya kwanza havitawaka awamu ya nne.